Bima na Manufaa ya Hiari Kazini: Namna ya Kuchagua

Hotuba iliyosomwa na makarani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Konza



Halmashauri ilituagiza sisi makarani tuseme mbele yenu juu ya jambo ambalo limeulizwa mara nyingi katika mikutano yetu ya mwezi. Jambo lenyewe ni zile bima na akiba ambazo mwajiri humwekea mfanyakazi mezani na kumwambia, "Hii ni hiari yako, ukiitaka, tia sahihi hapa." Twaishukuru Halmashauri kwa heshima hiyo. Hatukuja kuuza bima ya mtu, wala hatuna kampuni tunayoisifu. Tumekuja kwa sababu sisi ndio tunaoletewa makaratasi hayo baada ya msiba, na tumeona kwamba sahihi moja iliyotiwa kwa haraka yaweza kuula mshahara wa mtu miaka kumi, na sahihi moja iliyokosekana yaweza kuwafanya watoto wauze ng'ombe wa baba yao katika juma moja.

Wazee waliopo wanajua ya kuwa mji wetu ulizaliwa na reli. Njia kutoka Mombasa ilipita uwandani hapa kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899, na baadaye njia ya Magadi ikachipuka kutoka stesheni yetu. Wengi wa wafanyakazi wa hapa siku zile walikuwa na mwajiri mmoja, na kanuni zao zilikuwa moja. Aliyetaka kujua haki yake aliweza kumuuliza jirani. Leo sivyo. Tangu Januari 2013, ulipozinduliwa ujenzi wa mji wa teknolojia katika ekari 5,000 za Konza, wanachama wetu wamekuwa watu wa waajiri wengi. Huyu ni fundi wa mwashi kwa kontrakta, huyu ni mlinzi wa usiku, huyu ni mwalimu, huyu yuko kiwandani Athi River, na huyu anachunga katika ranchi. Hati zao za mshahara hazifanani. Linalomfaa mwalimu laweza kumdhuru mlinzi, na shauri la jirani, hata likiwa la nia njema, halitoshi tena.

YALIYO YA LAZIMA

Kabla ya kuchagua la hiari, mtu na ajue kwanza yale ambayo sheria imekwisha kumwekea, asije akanunua mara ya pili kile alichonacho.

La kwanza ni afya. Hazina ya zamani ya NHIF, iliyoanzishwa mwaka 1966, imekwisha, na mahali pake pamewekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo sote twaiita SHA, kwa sheria ya mwaka 2023. Tangu Oktoba 2024 mfanyakazi hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na hakuna achangiaye chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mchango huo humfaa mwenyewe, mke au mume wake, na watoto wake, maadamu majina yao yamesajiliwa. Twarudia: maadamu yamesajiliwa. Mtoto ambaye jina lake halimo, malangoni pa hospitali ni kama hana bima.

La pili ni akiba ya uzeeni, yaani NSSF, iliyoanza mwaka 1965. Kwa sheria ya mwaka 2013, ambayo baada ya kesi ndefu mahakamani ilianza kutekelezwa Februari 2023, mfanyakazi hutoa asilimia 6 na mwajiri huongeza asilimia 6, mpaka kikomo ambacho kimekuwa kikipandishwa mwaka hata mwaka.

La tatu ni ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na kiasi hicho hicho kwa mwajiri. Huu si bima ya ugonjwa wala ya kifo. Twautaja kwa kuwa hupunguza kile kinachobaki cha kuchagulia.

La nne wengi hawalijui, kwa sababu halionekani katika hati ya mshahara. Sheria ya mwaka 2007 juu ya majeraha ya kazini, ambayo mafundi wetu huiita WIBA, humlazimisha mwajiri kuwakatia wafanyakazi wake bima ya ajali na maradhi yatokanayo na kazi. Fidia ya aliyelemazwa kabisa hukadiriwa kwa mapato ya miezi 96. Mwajiri akiisha kupewa habari ya ajali, hana budi kuipeleka serikalini ndani ya siku 7, na ajali iliyoua ndani ya saa 24; na mwenye kudai asiache miezi 12 ipite. Lakini sheria hii ina mpaka wake. Fundi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi yumo ndani yake. Fundi yule yule akigongwa Jumapili juu ya bodaboda katika barabara kuu ya Mombasa, hayumo.

YALIYO YA HIARI

Sasa tuje kwenye yale ya kuchagua. Mara nyingi ni haya: bima ya matibabu ya ziada, ilipayo hospitali za binafsi mpaka kiasi kilichoandikwa, bima ya maisha ya kikundi, iwalipayo warithi kwa hesabu ya mshahara, mathalani mara mbili au mara tatu ya mshahara wa mwaka, bima ya ajali ya saa zote, kazini na nje ya kazi, bima ya maradhi mazito, itoayo fedha taslimu mtu aonekanapo na ugonjwa uliotajwa katika hati, bima ya gharama za mazishi, akiba ya ziada katika mfuko wa pensheni, bima ya elimu ya watoto, na hisa za Sacco. Baadhi yake hulipwa na mwajiri peke yake, baadhi hugawanywa kati yake na mfanyakazi, na nyingine mfanyakazi hulipa yote ingawa hukatwa kupitia afisi ya mwajiri. Swali la kwanza kabisa kwa hiyo liwe hili: nani anayelipa? Kile ambacho mwajiri hulipa peke yake, au huongeza shilingi juu ya shilingi yako, kisiachwe bila sababu nzito.

Bima ya kikundi ina heri yake. Huwa nafuu kuliko bima ya mtu mmoja mmoja, na mara nyingi haidai uchunguzi wa daktari mpaka kiasi fulani. Ina ila yake pia: huondoka pamoja na kazi. Wengi wetu twafanya kazi za mkataba wa miezi sita au mwaka. Siku mkataba unapokwisha, bima ya matibabu ya ziada kwa kawaida hukoma, na ya maisha vilevile. Mtu wa mkataba asiache kusajiliwa kwake katika SHA kulegee kwa kuwa ana kadi nzuri ya kampuni. Kadi ile si yake, ni ya kazi.

KUBWA KABLA YA DOGO

Je, mtu aanzie wapi? Shauri letu ni moja, na tungependa likumbukwe hata kama mengine yote yatasahauliwa: nunua kwanza kinga ya msiba ambao nyumba yako haiwezi kuubeba, na ule inayoweza kuubeba ubebe mwenyewe.

Sisi watu wa Machakos twajua matuta. Baba zetu na mama zetu waliyachimba kwa mwethya katika miteremko iliyokuwa imekwisha kuliwa na maji. Tuta halileti mvua, wala halimfanyi mtu tajiri. Kazi yake ni kuuzuia udongo usiende pale mvua kubwa inaponyesha. Hakuna aliyechimba tuta kwa ajili ya manyunyu. Bima nayo ni hivyo. Homa ya mtoto, miwani, kung'oa jino, hayo ni manyunyu. Mtu anaweza kuyawekea akiba yake ndogo. Kifo cha mwenye kulisha watoto wanne, mguu uliokatwa, kulazwa hospitalini miezi miwili, hiyo ndiyo mvua inayoondoa shamba.

Hata hivyo tumeona mara nyingi wanachama wakichagua kinyume. Hupenda bima ambayo wataitumia mara kwa mara, kwa sababu wanaona fedha zao "zinafanya kazi," na huiacha ile ambayo pengine hawataitumia kamwe. Bima nzuri kuliko zote ni ile ambayo mtu ameilipia miaka ishirini asiihitaji. Kama hilo ni vigumu kulikubali, basi mtu na ajiulize: "Ni tukio gani likitokea mwezi huu litaniuzisha ng'ombe au shamba?" Hilo ndilo litangulie.

Kwa kijana asiye na mke wala mtoto, bima kubwa ya maisha si ya haraka. Kwake ajali na akiba ya uzeeni zina faida zaidi, kwa kuwa fedha ya kijana ina miaka mingi ya kuzaa. Kwa mwenye watoto wadogo, bima ya maisha na ya ajali zitangulie, kisha kulazwa hospitalini. Kwa aliyekaribia kustaafu, ambaye watoto wake wanajitegemea, akiba ya uzeeni na matibabu ndizo zenye uzito. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Juu ya bima ya elimu twataka tuseme neno la tahadhari. Si mbaya kwa mtu mwenye mshahara wa kudumu ambaye akiba humponyoka. Lakini ni ahadi ya miaka kumi au zaidi, na mwenye kuivunja katika miaka ya kwanza hurudishiwa kidogo mno au hapati kitu. Mtu wa mkataba wa miezi sita asifunge ahadi ya miaka kumi.

HESABU YA MSHAHARA

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfanyakazi wa mshahara wa shilingi 40,000 kwa mwezi, tukitumia viwango vya mwaka 2025. SHA ni shilingi 1,100. NSSF ni shilingi 2,400. Ushuru wa nyumba ni shilingi 600. Jumla ni shilingi 4,100, na kodi ya mapato bado hatujaigusa.

Tuseme mfanyakazi huyo ametia sahihi kwa haya: mkopo wa Sacco shilingi 9,000, hisa shilingi 3,000, bima ya elimu shilingi 4,000, matibabu ya ziada shilingi 2,500, na mazishi shilingi 500. Hayo ya hiari ni shilingi 19,000. Ukiyajumlisha na yale ya kwanza unapata shilingi 23,100, na mkononi zimebaki shilingi 16,900 ambazo kodi ya mapato itazipunguza tena. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haikubali makato yote ya wakati mmoja yazidi theluthi mbili za mshahara. Kwa hiyo mtu huyu hana budi kubakiwa na shilingi 13,333 angalau. Kodi ikiisha kutolewa, amekwisha kuukaribia mpaka huo. Akija kuhitaji jambo kubwa zaidi, mathalani bima ya maisha kwa ajili ya watoto wake, afisi itamwambia ya kuwa hakuna nafasi. Bandu bandu huisha gogo.

Twasihi basi kila mwanachama aichukue hati yake ya mshahara ya mwezi uliopita, aandike makato yote kwa mstari, na mbele ya kila moja aandike maneno mawili: ni la nini, na litakwisha lini. Makato asiyoweza kuyaeleza aende akayaulize. Tumekwisha kuona makato ya bima ambayo mwenye mshahara hakukumbuka kamwe kuyaomba.

Serikali nayo imeweka nafuu ya kodi. Kwa sheria ilivyokuwa mwaka 2025, mwenye kulipa bima ya maisha, ya afya au ya elimu alipunguziwa kodi kwa asilimia 15 ya malipo hayo, isizidi shilingi 5,000 kwa mwezi. Nazo bima za maisha na za elimu zenye kuiva zilitakiwa ziwe za miaka 10 au zaidi. Yule wa matibabu ya shilingi 2,500 angepunguziwa shilingi 375. Na tangu mwisho wa Desemba 2024, michango ya pensheni mpaka shilingi 30,000 kwa mwezi huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi. Nafuu hiyo ni njema, lakini mtu asinunue asichokihitaji kwa ajili ya nafuu. Asiyepeleka hati yake ya bima kwa mwajiri huipoteza bure.

MASWALI YA KUULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Wakala wa bima husema upesi, na karatasi yake ina herufi ndogo. Si aibu kumwambia, "Niachie karatasi hii siku tatu." Akikataa, amekwisha kukujibu. Katika siku hizo tatu yaulizwe haya.

Muda wa kungoja ni wa siku ngapi? Bima nyingi hazilipi uzazi, upasuaji au maradhi fulani katika miezi ya kwanza. Maradhi niliyokuwa nayo kabla, kama kisukari au shinikizo la damu, yamo au yametengwa? Ukiyaficha katika fomu, kampuni yaweza kukataa dai lako siku ile unayoihitaji. Sema kweli tangu mwanzo.

Kikomo ni cha kila mtu au cha nyumba nzima? Shilingi 300,000 za watu sita zaweza kuishia kwa mgonjwa mmoja. Hospitali zilizokubaliwa ni zipi? Ikiwa iliyo karibu ni ya Nairobi, na mgonjwa wako usiku atakimbizwa Machakos, basi umenunua kisima kilicho mbali na kiu yako. Kuna sehemu ya kulipa mwenyewe kila mara niendapo? Na nikiacha kazi, je, naweza kuiendeleza kwa fedha yangu?

La mwisho, kampuni yenyewe ina leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima? Leseni peke yake si kinga kamili. Kampuni ya United Insurance mwaka 2005 na ya Blue Shield mwaka 2011 ziliwekwa chini ya wasimamizi wa kisheria baada ya kushindwa, na wenye madai wakabaki wakihangaika. Lakini kampuni isiyo na leseni haina hata pa kushtakiwa vizuri.

JINA LA MRITHI

Tunafika sasa mahali palipotuumiza sana. Wengi hapa wanamkumbuka mwenzetu mmoja, mjenzi, ambaye hatutamtaja jina kwa heshima ya nyumba yake. Mwajiri wake alikuwa amewakatia wafanyakazi wote bima ya maisha, na yeye hakulipa hata senti. Alipofariki, tulifurahi katika huzuni, tukisema watoto angalau wana pa kushika. Fomu ilipofunguliwa, jina la mrithi lilikuwa la mama yake mzazi, aliyekwisha kutangulia. Aliliandika akiwa kijana, kabla ya kuoa, wala hakulibadilisha kamwe. Mjane alianza safari ya chifu, mahakama na afisi, na kwa muda uliopita mwaka mmoja alikuwa mwenye fedha asiyeweza kuzishika. Katika muda huo mitamba miwili iliuzwa, na mtoto wa kwanza alikaa nyumbani muhula mzima.

Hakuna aliyewadhulumu. Fedha zilikuwapo, na sheria ilifuatwa. Kilichokosekana ni jina moja.

Kwa hiyo twasema: fomu ya mrithi ni sehemu ya bima, tena ni sehemu isiyo na gharama. Ibadilishwe mtu anapooa, anapozaa, anapofiwa, au ndoa inapovunjika. Mwenye wake wawili aandike wote na sehemu ya kila mmoja, asiwaachie wazee kazi ya kupatanisha watu walio kilioni. Mtoto mdogo hawezi kupokea fedha mwenyewe. Atajwe mtu mzima wa kumshikia. Tena fomu ya bima ni mbali, ya mfuko wa pensheni ni mbali, ya NSSF ni mbali, na ya Sacco ni mbali. Kuijaza moja hakuzijazi nyingine. Na ijulikane kwamba, kwa sheria ya mifuko ya pensheni, fedha za kifo hazihesabiwi katika urithi wa marehemu unaogawanywa mahakamani. Wadhamini wa mfuko huzigawa kwa kufuata kanuni za mfuko. Jina ulilowaachia huwasaidia sana.

Wako wazee wanaosema kuandika mambo haya ni kujiitia kifo. Twawaheshimu, nasi hatubishani nao. Twauliza tu kwa adabu: mzee anayewaonyesha wanawe mipaka ya shamba akiwa hai, je, amejiitia kifo? Sisi tumelelewa tukiambiwa kwamba huyo ndiye mzee mwenye akili.

WAZAZI WETU

Tumesema kwamba mchango wa SHA wa mfanyakazi haumhusu mama wala baba yake. Wazazi hujisajili wenyewe, hupimwa uwezo wao, na mchango wao hutolewa kwa mwaka; ulio mdogo kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka. Baadhi ya waajiri huruhusu mfanyakazi amwongeze mzazi katika bima ya matibabu au ya mazishi kwa malipo yake. Aulize umri wa mwisho, kwa kuwa kampuni nyingi haziwapokei waliovuka umri fulani. Ndugu watano wanaochanga shilingi 60 kila mmoja kwa mwezi wametimiza ule mchango mdogo wa mzazi mmoja. Twadhani hakuna ukoo hapa usioweza hilo, ikiwa mmoja atakubali kuwa mweka daftari.

CHAMA NA MFUKO WA MAZISHI

Hii inatupeleka kwenye hoja iliyo mbele ya mkutano. Baadhi ya wanachama, hasa vijana, wamependekeza kwamba chama kiufunge mfuko wake wa mazishi, na fedha zake zitumike kuwakatia wanachama wote bima ya mazishi kwa kampuni. Wanasema, na wana haki kusema, kwamba mfuko wetu ni mdogo, na misiba miwili katika mwezi mmoja huukausha. Wazee wamejibu kwamba kampuni haiji matangani, haichoti maji, wala haikai na mjane. Nao wana haki.

Maoni yetu makarani ni kwamba mambo haya mawili hayafanyi kazi moja. Mfuko wa chama hutoka siku ile ile, bila cheti cha kifo, kwa neno la mwenyekiti na mweka hazina. Bima huja baada ya makaratasi, lakini huja na kiasi ambacho mfuko hauwezi. Cha haraka na kidogo kibaki kwa chama. Kikubwa kiachiwe bima. Tena tukiufunga mfuko, wazee waliopita umri unaokubaliwa na kampuni watatoka bila kinga yoyote, ilhali ndio waliouanzisha. Chama kinachowaacha waanzilishi wake nje hakistahili jina la chama cha ustawi.

Twapendekeza basi haya matatu. Kwanza, mfuko wa mazishi usifungwe, wala fedha zake zisitumike kulipia bima. Pili, Halmashauri iruhusiwe kutafuta bei ya bima ya kikundi kutoka kampuni tatu zenye leseni, kwa wanachama watakaotaka na watakaolipa wenyewe, na shauri lirudishwe mkutanoni kabla ya sahihi yoyote. Tatu, chama kifungue daftari jipya, ambamo kila mwanachama atakayependa ataandika jina la mwajiri wake, bima na mifuko aliyo nayo, mahali hati zilipo, na tarehe aliyojaza fomu za warithi mara ya mwisho. Kiasi cha fedha kisiandikwe, maana hiyo ni siri ya mtu. Daftari likae chini ya kufuli kwa mweka hazina, na kila Januari lisomwe upya na mwenye jina. Siku ya msiba, Mungu apishe mbali, mjane hatauliza aanzie wapi. Chama kitamwambia, na mmoja wetu atafuatana naye mpaka afisini.

Kazi hiyo tuko tayari kuifanya bila malipo. Meza itakuwa wazi ukumbini hapa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, tangu saa tatu asubuhi. Mwenye hati ya mshahara aje nayo, mwenye fomu aje nayo, na asiyejua kusoma aje na mtu anayemwamini.

 Tunaiacha hoja mikononi mwa mkutano.